Lipu ya Wakale

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu Sindano,

Salamu kwanza, maana najua ukiuona mwandiko wangu unaruka mpaka mwisho kutafuta nimekugombeza wapi. Sisi huku wazima. Bibi yako anakula na ananung'unika, kwa hiyo afya anayo. Miguu ndiyo imegoma, basi siku hizi hatoki chumba cha nyuma ila kwa kubembelezwa. Jicho la baba yako vipi? Mwambie kaka yangu asiogope kisu cha daktari. Utotoni alikuwa anaogopa hata mkasi wa kinyozi.

Sasa nikae vizuri nikwambie. Mto wetu umebaki wa kuvukwa na viatu miguuni. Mabomba yanatoa upepo. Watu wanashinda foleni na ndoo, wanatukanana, halafu wanarudi nyumbani na matope. Kamati ya maji imenichagua mimi kuwa mwenyekiti, na wamenichagua kwa sababu ya wazo langu. Unalikumbuka lile birika la mawe kule kwenye magofu, juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu? (Birika la kuhifadhia maji, si la chai, usianze utani wako.) Enzi zenu lilikuwa zizi la mbuzi. Tumelisafisha lote, na sakafu yake bado nzima. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni ukuta wa upande wa kwetu. Umepigwa lipu ambayo sijaiona maishani mwangu. Ngumu, laini, haina ufa hata wa kupitisha unywele.

Unajua nimefundisha historia tangu sijaota mvi, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba waliojenga pale walijua mambo ambayo sisi tumeyapoteza. Walimu wenzangu wakanicheka, wakasema mawe ni mawe. Haya, jengo la posta limejengwa juzi na mkandarasi mwenye shahada ukutani, na tayari linamwaga lipu kama mtu mwenye mba. Birika lina karne ngapi hakuna anayejua, na lipu yake inang'aa. Nani kaendelea hapo?

Nikamuuliza Bibi yako, maana ndiye mkubwa kuliko wote mtaani: "Mama, ule ukuta wa birika nani aliuziba vile?" Akajibu papo hapo, hata hakufikiri: "Waliziba Wakale." Unaona? Habari hiyo imetoka mbali, kwa waliomzaa na waliowazaa hao.

Nimebandua kipande kwa patasi, pembeni pasipoonekana, nimekitia kwenye mkebe wa biskuti na kumpa dereva wa basi akuletee. Wewe uko maabara ya kiwanda cha vigae, kazi yenu ni kupima udongo na saruji. Kipime, uniletee karatasi yenye mhuri inayosema kazi ya namna hii leo haijulikani. Mhandisi wa mji ananibania ruhusa mpaka aione karatasi hiyo. Tunataka kuvuta maji ya mto kwa pampu, tulijaze birika kabla mto haujakata kabisa. Sherehe ya kufungua ni mwisho wa Mei.

Ni mimi shangazi yako, Mwalimu Rula. Najua mnaniita hivyo, wala hamkuanza leo.


Maabara, 23 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Bibi uifikishe. Sisi wazima. Baba amepangiwa kupasuliwa jicho mwezi ujao na tangu aambiwe amekuwa mpole kuliko nilivyowahi kumwona. Siwezi kutoka hapa mpaka hilo lipite, maana hana mwingine wa kumshika mkono.

Mkebe umefika. Dereva amekula biskuti zilizobaki na hakuona haya kuniambia. Kipande nimekikata kwa mashine tunayokatia vigae na nimekitazama kwa hadubini, ila kazi bado haijaisha.

Nina maswali, naomba unijibu yote. Hiyo lipu imefunika ukuta mzima au sehemu tu? Inaanzia wapi na kuishia wapi? Ukiigonga kwa nyundo ndogo, inalia vipi? Na kipande ulikitoa hasa mahali gani?

Jambo moja zaidi. Kabla sijakuandikia tena, naomba msiingize maji. Usiniulize kwa nini kwa sasa.

Mwanao.


Nyumbani, 5 Aprili

Sindano,

Nilikuomba karatasi yenye mhuri, wewe umeniletea maswali kama askari aliyekamata mwizi wa kuku. Hata hivyo tumelelewa vizuri, nitakujibu.

Bibi yako anakusalimu. Hapa nina neno la siri, usimwambie kaka yangu. Mama ameanza mambo ya kitoto. Godoro lake asubuhi tunalikuta limelowa upande wa ukutani. Tumelianika, kesho yake limelowa tena. Nikimuuliza anakuwa mkali, anasema si yeye. Nimemwambia si kosa, ni uzee tu, akanigeuzia mgongo. Inaniuma, mwanangu. Huyu ndiye aliyekuwa anatukagua kucha kabla ya kwenda shule.

Lipu yako haikufunika ukuta mzima. Ni mkanda unaoshuka toka juu mpaka chini, mpana kama mlango, upande unaotazama nyumba yetu. Kwingine ni mawe matupu yaliyopangwa bila kitu katikati. Nilidhani mkanda ni pambo, au alama ya mfalme wao. Nimegonga kama ulivyotaka. Pembeni unalia kama jiwe, katikati unalia kama mlango. Kipande nilikitoa ukingoni mwa mkanda, karibu na chini. Umeridhika?

Kuhusu maji, tunaijaribu pampu tu. Pampu haiwezi kujaribiwa kwa maneno. Nasubiri karatasi.

Shangazi yako.


Maabara, 17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba amepasuliwa salama. Amefungwa bandeji, anaamrisha kila mtu aliye wodini, manesi wamemchoka. Bibi mpe pole na umkumbatie kwa niaba yangu.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta maneno, na bado sijayapata. Niseme tu. Ile si lipu ya kale. Ni saruji ya mfuko, ya kiwandani, kama hii tunayopima hapa kila siku. Nilidhani nimekosea nikarudia. Nikampa mwenzangu naye apime bila kumwambia imetoka wapi, akaniuliza tunajenga choo gani.

Kuna kingine. Mashine ilipokata kipande, ilipita kando ya kitu kigumu. Nilikitoa kwa sindano taratibu. Ni kifungo cha nguo, Shangazi. Cha kijani kibichi, cha matundu manne, kimevunjika kidogo ukingoni. Nimekifunga kwenye karatasi humu ndani ukione mwenyewe.

Najua jambo hili lina maana gani kwako. Ninayo madaftari yako uliyonipa, nimelelewa na hadithi za birika hilo, na mimi ndiye niliyekuwa naziamini kuliko watoto wote. Lakini mtu akipiga mkanda wa saruji toka juu mpaka chini mahali pamoja tu, na katikati panalia kama mlango, kuna alichokuwa anakifunika. Naogopa nyuma ya mkanda huo kuna ufa. Msijaze.

Mwanao.


Nyumbani, 29 Aprili

Sindano,

Kaka yangu apone haraka, nimefurahi.

Kifungo nimekiona. Nimekiweka kwenye kiganja nikakitazama sana, na sasa nikuulize wewe msomi. Matundu manne yametobolewa sawasawa, yamepishana kwa kipimo kimoja. Kwa nini unafikiri ni sisi peke yetu tulioweza kutoboa matundu manne? Na saruji, nani alikula kiapo kwamba watu wa kale hawakuijua? Mwenzako akiona kitu kinafanana na choo chake basi ni cha jana! Hivi ndivyo mambo yanavyopotea. Mtu anaokota ushahidi anautupa kwa sababu umefanana sana na vitu vya jikoni kwake.

Ndiyo, nimeandika kwa hasira, na sikati hata neno.

Mhandisi wa mji amekubali. Hakusubiri karatasi yako. Watu walimfuata nyumbani kwake na ndoo tupu, wakakaa mlangoni wakizigonga mpaka akasaini. Sherehe imewahishwa, sasa ni tarehe 11 Mei. Maji yameshafika kifuani kwa mtu mzima, na siku zinazokuja yatakuwa yamepita kichwa. Ungeona watoto wanavyopanda kuyaangalia! Mama mmoja alinishika mikono akalia. Nimefundisha miaka yote hiyo, hakuna mzazi aliyewahi kunishika mikono.

Bibi yako amenichukulia kifungo chako. Nilimwonyesha kwa kumchekesha, akakinyakua akakifumbata, na mpaka leo harudishi. Nikimuuliza anakaza ngumi. Nimemnunulia shuka la plastiki, maana godoro sasa linalowa mpaka katikati. Aliponiona nalitandika alilia, mama yangu, kama mtu aliyesingiziwa wizi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Shangazi yako.


(Telegramu, 8 Mei)

MHAMISHENI BIBI LEO. MSIONGEZE MAJI. GODORO SI YEYE. BARUA NJIANI.


Maabara, 8 Mei

Shangazi,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe. Telegramu itatangulia, barua hii nampa dereva wa jioni.

Baba amerudi nyumbani na macho yote mawili bado yamefungwa kwa amri ya daktari, kwa hiyo jana nilimsomea barua zako zote kuanzia ile ya kwanza. Nilipofika pale Bibi aliposema "Waliziba Wakale", alicheka mpaka nikaogopa mshono wa jicho utafumuka. Akasema, "Wakale? Si kina baba hao!"

Nikamwambia anieleze. Anasema Babu alikuwa na kikundi cha waashi, watu wazima watupu, wanaovaa makoti hata jua likiwaka. Waashi vijana wakawa wanawazomea, "Hao Wakale wanapita!" Wao badala ya kukasirika wakalichukua jina wakalifanya la kwao. Mji mzima ulikuwa ukitaka ukuta unyooke unaambiwa kawaite Wakale. Wewe wakati huo ulikuwa shule ya bweni, ukirudi likizo hushiki kitu ila vitabu. Baba ndiye aliyekuwa anawapelekea chakula. Anakumbuka waliwahi kufanya kazi kwenye birika, ila hajui ilikuwa kazi gani.

Kwa hiyo Bibi alikujibu ulichomuuliza. Ulimuuliza nani, akakutajia mumewe na wenzake.

Halafu, Shangazi, nisamehe la pili. Nilijisahau nikamsomea na habari ya godoro uliyoniambia nisimwambie. Baba akaacha kucheka palepale. Akauliza, "Upande gani umelowa?" Nikasema wa ukutani. Akasema chumba cha nyuma ukuta wake umeegemea kilima, na kilima hicho ndicho kimelibeba birika. Godoro lilianza kulowa lini? Angalia barua zako mwenyewe. Lilianza mlipoanza kuijaribu pampu, na kadiri maji yanavyopanda kule juu, ndivyo linavyozidi kulowa huku chini.

Bibi hajikojolei. Birika linavuja. Mtoeni chumbani, na muyatoe maji polepole kabla ukuta haujaamua wenyewe. Chini yake kuna nyumba yenu na mtaa wote.

Nakuomba kwa magoti.


Nyumbani, 9 Mei

Wewe mtoto,

Telegramu yako imefika na imenivua nguo. Karani wa posta aliisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima, na aliposema "godoro si yeye" watu waliangua kicheko, wengine wakaniuliza godoro la nani. Mjumbe mmoja wa kamati amesema wazi kwamba wewe umekwenda mjini ukapata koti jeupe, sasa hutaki sisi tupate hata maji. Nilikutetea, ingawa hukustahili.

Sherehe ni keshokutwa. Viti vimeshaazimwa. Birika limebakiza kidogo tu lijae. Unataka niwaambie nini watu hawa? Kwamba binti wa kaka yangu kaona kifungo?

Na hilo la godoro uliloamua kuutangazia ulimwengu halina ajabu yoyote. Ukuta wa chumba cha Mama una unyevu, ndiyo, rangi inabambuka, lakini nyumba zote za mtaa huu ukuta wa nyuma hulowa mvua ikinyesha

Nimeandika mvua. Hakuna mvua. Mwaka huu hatujaona hata wingu.

Ngoja.


Nyumbani, 15 Mei

Mwanangu Sindano,

Tuko hai sote, nianze na hilo. Bibi yako hajambo. Nisikilize sasa, maana sijamwambia mtu mwingine kwa urefu huu.

Nilipoiacha mezani ile barua ya tarehe 9, ninayokuambatishia hapa bila kuimaliza, nilikwenda chumba cha nyuma nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, na nilipouondoa mkono ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo. Nililisogeza godoro. Nyuma yake, sakafuni, kulikuwa na maji safi yanatembea. Bibi yako amelala pembeni ananitazama. Nikamwambia, "Mama, kumbe si wewe." Akasema, "Nilikwambia."

Barua yako ilikuwa haijafika bado, kwa hiyo la Wakale nililisikia kutoka kinywani mwake. Alifumbua kiganja akanionyesha kifungo. Alikikata mwenyewe kwenye gauni lake la kijani akamshonea Babu yako kwenye mkono wa koti, kwa sababu cha mwanzo kilipotea. Siku mbili tatu baadaye na hicho kikapotea, akamgombeza sana, akamwambia wewe vifungo unavila. Hakujua kimeingia kwenye zege.

Nikamuuliza waliziba nini. Ukuta ulikuwa na ufa, mwanangu. Ufa wa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kuna mkubwa mmoja alikuwa anakuja kutazama magofu, na wenye mji hawakutaka aione aibu hiyo. Wakaitwa Wakale. Babu yako alikataa, akasema ukuta ule ubomolewe upangwe upya, wakamwambia hakuna muda na hakuna atakayetia maji mle. Alikubali shingo upande. Aliporudi nyumbani alimwambia Mama, na haya ni maneno yake, "Leo nimepiga lipu ya macho, si ya maji."

Nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. "Mbona hukuniambia? Mji mzima unanisikia nahubiri lipu ya watu wa kale, wewe umekaa hapa unajua!" Akaniambia hivi: "Hakuna aliyewahi kuisifu kazi ya baba yako. Ulipoanza wewe kuisifu kila siku, mpaka watu wanakuja kuigusa, nilipenda kusikia." Kisha akasema alitaka kuniambia godoro lilipolowa, lakini nilishamwambia ni mtoto, na mtoto hasikilizwi.

Niliinama nikamwambia apande.

Nilimbeba mgongoni kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, nikapanda kilima. Kulikuwa na jua kali na watu wanafunga mapambo. Maji yalikuwa mazuri, Sindano. Yametulia, yana rangi ya anga. Nilisimama nikayatazama nikatamani mtu aniambie niache. Walikuwepo wengi wa kuniambia, kwa kweli. Niliposhika gurudumu la koki ya chini, ile tuliyoifunga ya kutolea maji, mjumbe yule yule alinishika mkono. Nikamwambia ukuta una ufa. Akasema ufa uko wapi, tuonyeshe. Sikuwa na cha kuwaonyesha! Lipu laini, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kila mtu alikuwa ananikumbusha maneno yangu mwenyewe. "Si ulisema haipenyi hata unywele? Si ulisema walijua kuliko sisi?" Nikawaambia nilisema, na nilikosea, ile lipu kaipiga baba yangu. Mtu mmoja akacheka. Wengine walidhani jua limenipata.

Nikawaambia leteni ndoo, leteni masufuria, leteni hata vikombe, mchote mnachoweza, maana nafungua. Nikafungua. Nilining'inia kwenye lile gurudumu kwa uzito wangu wote, mwanamke wa umri huu, na kandambili moja ikanivuka.

Walichota. Kila chombo cha mji kilijaa, hadi madebe ya kuogea watoto. Lakini birika lile ni kubwa, wengi hawakuwa na pa kutia, na maji yalipita kwenye mfereji, yakapita soko, yakateremka hadi kwenye mto yakanywewa na mchanga. Yule mama aliyenishika mikono alisimama ukingoni na ndoo yake moja iliyojaa, hanitazami mimi, anayatazama yanavyokwenda.

Shangazi yako.


Maabara, 27 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, mara nyingi kuliko siku zote. Baba amefunguliwa bandeji. Kitu cha kwanza alichotaka kusoma ni barua yako, akaisoma mwenyewe, halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Uliniomba mwanzo karatasi yenye mhuri na sikukupa. Nilitamani sasa nikupe nyingine, inayosema ukuta ungeanguka, uibandike posta wasome wote. Nimekaa nayo siku nyingi. Siwezi, Shangazi. Ninaweza kuthibitisha ni saruji. Ninaweza kusema ilikuwa inavuja. Kwamba ungeanguka siku ya sherehe, au mwakani, au usingeanguka kamwe, hakuna mashine hapa inayoweza kusema hivyo. Najua wanakusema. Ningetamani nikupe zaidi ya hiki.

Mwanao anayekupenda.


Nyumbani, 19 Agosti

Sindano wangu,

Salamu nyingi. Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri ukuta uanguke. Ninakwambia ukweli bila haya. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka natoka uani kuangalia juu, natamani niukute umelala chini, mawe yametapakaa, watu waje waone. Haukuanguka. Umesimama mpaka leo, na mbuzi wamerudi.

Jina la Mwalimu Rula limekufa. Sasa naitwa Mwalimu Mwaga, na watoto hawalisemi kwa kunong'ona. Kamati imepata mwenyekiti mwingine. Maji tunayafuata chemchemi ya mbali, na mimi napanga foleni kama wengine. Wanawake hawanitukani. Wananiacha tu nafasi kubwa mbele na nyuma, kama mtu mwenye kikohozi. Mhandisi wa mji alipita akaugonga ukuta, akasema huenda kweli ungeanguka na huenda usingeanguka, akaenda zake kula.

Usidhani nimekuwa mtu mpya. Nilipanda juzi na patasi nikatoa lipu ya baba pembeni kidogo, nikaona ufa wake, na ndani ya ufa nikaona yale mawe ya ndani yalivyokaa. Hayana saruji hata chembe, na kisu hakiingii kati yake. Hayo kayapanga nani, na kwa kifaa gani? Bado nasema walijua kitu. Ila safari hii sikukutumia kipande, wala sikumwambia mtu. Sijui, mwanangu. Naandika neno hilo na mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyo.

Bibi yako amekishona kile kifungo kwenye koti langu, pasipohitaji kifungo. Amerudi chumba chake cha nyuma, alikataa kingine chochote. Na kila asubuhi, kabla ya chai, kabla sijanawa uso, ananiita kwa sauti inayosikika mtaa mzima niende nikashike godoro lake, upande wa ukutani, mpaka katikati. Nakwenda, napiga magoti, nalishika lote.

Ni kavu.

Mwalimu Mwaga.